Farumi, Ngama na Mrama: Habari za Uzani katika Vyombo vya Pwani

Mtu akaaye Tabata hana bahari mbele ya mlango wake. Mtaa huu wa Dar es Salaam uko upande wa bara, kando ya bonde la Msimbazi, na maji ya mto ule huteremka mpaka baharini penye Daraja la Salenda, lakini wenyeji wengi hawana haja ya kufuatana nayo. Walakini sikiliza maneno yao. Biashara ya duka ikiharibika, husema imekwenda mrama. Kijana akiacha shule, mambo yake yamekwenda mrama. Twalisikia neno hilo kila siku, nasi twalifundisha darasani kwa maana ya kuharibika tu, wala hatuwaambii wanafunzi ya kuwa mrama, kwa asili yake, ni kule kuyumba kwa chombo baharini, kinapolala upande huu na kuinukia upande wa pili.

Hayo si kosa la watu wa Tabata. Ni kosa letu sisi tunaofundisha lugha. Maneno ya pwani yahusuyo uzani wa chombo tumeyafanya kuwa mapambo ya usemi, kumbe yalikuwa ni elimu, tena elimu iliyoshika roho za watu.

Sisi wenyewe tulikuwa katika kosa hilo. Kwa miaka mingi tuliieleza mithali isemayo, Kwenda mbele tezi na omo, marejeo ni ngamani, kwa njia ile ile ya siku zote: mtu azunguke azungukavyo, mwisho hurudi kwao. Maana hiyo ni ya kweli, hatuikanushi. Lakini siku moja tulivuka kutoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya katika mashua ndogo, pamoja na vijana kadha wa shule, na vijana wakakimbilia omo wote pamoja ili watazame mawimbi. Pua ya mashua ikainama. Tezi ikainuka, hata usukani ukawa mwepesi mkononi mwa nahodha, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa imetoka majini, na chombo kikaanza kugeukia upepo chenyewe. Mzee yule hakupaza sauti. Alisema, “Mwalimu, waite wajukuu zangu warudi ngamani, nawe shuka pamoja nao.” Tukashuka, na mashua ikanyoka. Ndipo tulipoisikia mithali ile kwa mara ya kwanza, ingawa tulikuwa tumeifundisha miaka kumi na zaidi.

Yafaa tuyaeleze maneno hayo matatu. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma. Ngama ni chini kabisa ndani ya chombo, mahali pakusanyikapo maji yanayovuja, napo ndipo baharia ainamapo na upo wake kuyakumba. Uzani ukizidi omo, chombo huchimba maji, hukataa kufuata usukani, na mawimbi yakija kwa nyuma huweza kukigeuza ubavu ghafula. Uzani ukizidi tezi, chombo huburura maji nyuma yake kama mtu avutaye kanzu iliyolowa. Pua hupeperushwa na upepo, na wimbi la nyuma hupata njia ya kuingia. Hata mizigo ikigawanywa sawasawa, nusu omo na nusu tezi, bado haifai. Waliopata kuchukua maji kwa mzegazega watatufahamu upesi: debe moja huku na debe moja huku, mti uko sawa begani, lakini ukianza kupanda na kushuka si rahisi kuutuliza. Chombo kilichojazwa ncha mbili na kuachwa kitupu katikati huwa vivyo hivyo. Wimbi likija, pua haiwahi kuinuka, na wimbi la pili hupita juu. Basi marejeo ni ngamani. Mizigo mizito hukaa chini na katikati.

Chombo kisicho na shehena nacho kina hatari yake, maana tanga na foromali viko juu, na chini hakuna kitu cha kuvishindania. Kwa hiyo mabaharia hutia farumi, yaani mawe au mchanga, kuwa uzani badala ya mizigo. Neno hili farumi limo katika makamusi ya zamani, lakini tukiwauliza walimu vijana maana yake, wachache hulijua. Katika mashua na madau, farumi iliyo bora ni magunia ya mchanga, kwa sababu gunia huhamishika. Upepo ukikilaza chombo, mabaharia huyapeleka magunia upande wa juu, na wao wenyewe hukaa huko. Chombo kikigeuzwa, magunia hayana budi kuhamishwa tena, na baharia mvivu hujulikana hapo.

Ngalawa ina njia nyingine, na habari yake ni ndefu. Mti mmoja uliochongwa, kwa kawaida mwembe, ni mwembamba mno kusimamisha tanga. Chombo kipana kikilazwa na upepo, ule upande uliozama husukumwa juu na maji. Gogo jembamba halina upana wa kusukumwa, hupinduka tu. Hivyo wazee walilipa gogo mikono miwili, na mwishoni mwa kila mkono wakafunga ubao uitwao ndubi. Ndubi ya upande wa chini ikibanwa na maji huinua chombo, kwa maana ubao wake umeinamishwa kidogo, nao huteleza juu ya maji badala ya kuzama. Ndubi ya upande wa upepo huning'inia hewani, na upepo ukizidi, baharia hutoka nje akaukalia mkono wake. Mwili wake ndio farumi.

James Hornell, mtaalamu wa vyombo vya mataifa mengi, aliandika mwaka 1919 juu ya ngalawa za Afrika Mashariki na undugu wao na vyombo vya visiwa vya Indonesia, ambako mikono miwili ya namna hii ni desturi tangu kale. Ajuaye ya kuwa lugha ya Madagaska ni ndugu wa lugha za Borneo hatashangaa sana. Watu waliovuka bahari yote ile hawakukosa kuja na ufundi wao. Lakini waliotwaa ufundi huo wakautia katika mwembe wa Mzizima, kabla Sultani Majid hajajenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, walikuwa ni watu wa pwani hii, nao hawakupokea kama watoto wapokeavyo somo la kukariri.

Walikuwa na vyombo vyao tangu zamani. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1 aliyetaja mji wa Rhapta alisimulia vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya mti mmoja, na jina lenyewe la Rhapta latoka katika neno la Kiyunani la kushona. Mtepe wa Lamu, wenye tanga la mkeka na mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, ulidumu hata karne ya 20.

Twende sasa Rufiji, maana huko ndiko hesabu ya uzani ilikokuwa ngumu kuliko pote. Katika milango ya mto ule majahazi ya Unguja, ya Arabuni na ya Ghuba yalipakia boriti za mikoko, zikahesabiwa kwa korja, korja moja ni miti 20. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika huko katika chombo cha Kuwait, na safari hiyo aliisimulia katika kitabu kilichotoka 1940. Boriti ni mti mzito na mrefu. Haikunjiki wala haimwagiki. Hulazwa toka omo mpaka tezi, na tabaka moja likipangwa vibaya, kulitengeneza ni kupakua yaliyo juu yote. Tena maji ya mto si maji ya bahari. Archimedes wa Syracuse alitufundisha ya kuwa kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzani sawa na wake. Lita moja ya maji baridi ina uzani wa kilo 1, na ya bahari yapata kilo 1.025. Basi jahazi la tani 40, pamoja na shehena yake, husukuma mita 40 za ujazo mtoni, lakini baharini 39 tu. Chombo kilichoonekana kimezama mno penye mikoko kitainuka vidole viwili kikifika maji ya chumvi. Nahodha asiyelijua hilo huacha korja kadha pwani bure; na alijuaye kwa nusu hujidanganya ya kuwa bahari itamsamehe kila kitu.

Wataulizwa, walipimaje? Chini ya chombo hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Mbao za juu hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Mpaka wa weupe wa deheni na weusi wa sifa huonekana toka mbali, nao hauongopi: weupe ukionekana omo na kutoweka tezi, chombo kimekaa vibaya, ukitoweka pande zote, shehena imezidi. Uingereza, pamoja na merikebu zake zote, ilichelewa kuweka alama ya namna hii kwa sheria. Samuel Plimsoll, mbunge, aligombana na wenye merikebu waliojaza vyombo vibovu na kuwapoteza mabaharia, hata sheria ikapita mwaka 1876. Hata hivyo mwenye merikebu aliachiwa kuchora mstari mahali apendapo, mpaka miaka ya 1890 sheria ilipompangia. Sisi hatusemi ya kuwa manahodha wetu hawakuzidisha shehena. Walizidisha, na wengine hawakurudi. Twasema tu ya kuwa waliijua alama waliyoipita.

Siku hizi mstari umechorwa kwa rangi na hesabu ya abiria imeandikwa ubaoni. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kuchukua watu wapatao 100. Tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa karibu kufika gatini kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria, kilipinduka, na waliokufa walipita 200. Iliripotiwa kwamba abiria walisogea upande mmoja chombo kilipokaribia nchi kavu. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Hatukuwamo, wala si kazi yetu kuhukumu. Lakini kundi la watu ni shehena isiyofungwa, kama yalivyo maji ya ngamani: chombo kikiinama kidogo, nayo hukimbilia kule kule kilikoinamia.

Twarudi Kunduchi kwa jambo moja tulilolisahau. Asubuhi ile, kabla hatujapanda, mzee yule alisimama majini yakamfika magotini, akautazama mstari wa deheni penye omo, kisha akazunguka taratibu mpaka tezi. Akapanda, akaliburura gunia moja la mchanga kiasi cha shibiri mbili, akashuka tena kutazama. Vijana walikuwa wakicheka, na sisi tulikuwa tukitazama saa.