Mizani ya Chama, Mashine ya Nyumbani

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Machame au Marangu, hukosi kuliona: jengo refu lenye paa la bati lililoshika kutu, mlango mpana wa kupitisha magunia, na ukutani jina la chama cha msingi kwa rangi iliyofifia. Ni ghala la kahawa. Kwa miongo mingi karo za shule na mabati ya nyumba vilitegemea kilichopimwa humo.

Mibuni ilipandwa Kilema na wamisionari wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa wilaya Charles Dundas aliwahimiza Wachaga waipande vihambani, katikati ya migomba. Walowezi walinung'unika. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais, na mwaka 1933 nafasi ya KNPA ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi uliosimamiwa na Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Kwa mgeni, cha ajabu ni kwamba kumenya kahawa hakukuwa kazi ya ushirika. Kila boma lilikuwa na mashine yake ya mkono, au liliazima ya jirani. Matunda mekundu yaliyochumwa asubuhi yalimenywa jioni ileile. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anamimina maji, maganda yanaruka upande mmoja na buni zenye utelezi zinashukia ndooni. Zililala humo siku moja au mbili hadi utelezi uachie, zikaoshwa, kisha zikaanikwa kichanjani zikiwa bado na ganda lao la ndani: ndiyo kahawa ya maganda. Maji yalikuwa karibu, kwa kuwa mifongo, mifereji ya asili, imepita vihambani. Na nani angebeba mbivu mlimani, wakati takriban kilo tano zake hutoa kilo moja tu ya kahawa ya maganda?

Kilichokuwa cha pamoja, basi, ni mizani. Na mizani ilileta ugomvi. Sheria iliwabana Wachaga wauze kupitia KNCU peke yake. Bei ilipoporomoka mwaka 1937, ghasia zikazuka na maghala ya vyama yakashambuliwa.

Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ilikuwa ya neema, KNCU ikajenga shule. Halafu chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikaingia miaka ya 1960, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika. KNCU ilirudi mwaka 1984. Miaka kumi baadaye wanunuzi binafsi waliruhusiwa, nao wakaja na fedha taslimu mkononi. Chama kilikuwa kimezoea kulipa kwa awamu.

Mtambo wa pamoja wa kumenya ulienea vijijini baada ya hapo, wakati mibuni mingi ilikuwa imezeeka. Ubora wake hauna ubishi: mbichi hukataliwa getini, na kahawa inayofika mnadani Moshi ina ladha ya namna moja. Lakini mkulima ana hesabu yake. Gunia la kahawa ya maganda hukaa chumbani likisubiri bei au karo ya Januari. Mbivu haisubiri hata kesho. Ndiyo maana wapo wanaopeleka sehemu ya mavuno mtamboni na nyingine wakaimenya nyumbani, kwa mashine ya babu iliyobadilishwa mpini.