Siku ya Kutoka

Unga uliingia pwani ya Waswahili kwa njia ile ile iliyoleta mazulia na sahani za kaure: kwa bahari, kutoka Asia. Katika miaka ya 1980 heroini ya kahawia ilianza kuvutwa katika miji ya bandari. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, iyeyukayo majini bila taabu, na sindano ikachukua nafasi ya moshi. Familia nyingi zilifanya lile lifanywalo na kila aoneaye aibu: zilifunga mlango. Kijana alifungiwa chumbani au akapelekwa shamba kwa jamaa, ateseke na arosto mpaka imwishe, kisha arejeshwe mjini akihesabiwa kuwa amepona.

Historia ya tiba ya unga katika pwani hii ilianzia kwenye mlango huo. Swali lililochelewa kuulizwa ni hili: humpata nini mtu siku mlango ufunguliwapo?

Arosto, pamoja na kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa, makali yake kwa kawaida hupungua katika muda wa juma moja hivi. Aliyeivuka hunenepa, akarudi msikitini, na wazazi wakashukuru. Lakini mwili una hesabu yake. Ukikaa majuma kadhaa bila unga hupoteza uzoefu wake, na kipimo kilichokuwa cha kila siku huweza sasa kuizima pumzi. Kwa sababu hiyo majuma ya kwanza baada ya kutoka, iwe gerezani au katika nyumba ya tiba, huwa na hatari kubwa ya kifo. Yule aliyemaliza tiba akasifiwa ndiye apaswaye kuangaliwa zaidi.

Malindi ilitangulia kuitafutia familia mahali pa kukimbilia. Mwaka 1995 ulianzishwa huko Mradi wa Omari, wenye washauri na nyumba ya kuwapokea waraibu. Unguja nayo, kuanzia mwaka 2009, ilianza kuwa na nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba. Wengi wa walioziendesha walikuwa waraibu waliokwisha kupata nafuu. Walikuja na hazina ambayo hospitali haikuwa nayo: mlezi aujuaye uongo wa mraibu kwa kuwa aliwahi kuusema mwenyewe. Hata hivyo, aliyevuka mto si lazima awe tabibu wa wanaozama. Mlevi wa pombe au wa vidonge vya usingizi, akikatishwa ghafla, aweza kushikwa na degedege na kufa. Akichanganywa na wenye arosto ya unga na kuambiwa avumilie, subira yake yenyewe humwangamiza. Mtu wa namna hiyo huhitaji daktari kabla hajahitaji nasaha.

Dar es Salaam ilionyesha upande mwingine wa hatari. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake waliojidungana damu ya wenzao waliokwisha kujidunga, wakitumaini kuwa masalia ya unga yaliyomo yangewatuliza arosto. Ukimwi haukuhitaji njia fupi kuliko hiyo. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, tiba iliyoasisiwa New York katikati ya miaka ya 1960 na Vincent Dole na Marie Nyswander. Mwaka 2015 tiba hiyo ikafika Kidongo Chekundu, Unguja, na mwaka huo huo ikaanza Malindi na Mombasa.

Kwa mtazamaji, methadoni ni kikombe kimoja kwa siku, kinachonywewa mbele ya mhudumu. Usalama wake umo katika yasiyoonekana. Dawa hiyo hukaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo kipimo cha leo hukuta masalia ya jana. Anayeanza huanzishwa kwa kiasi kidogo, kwa sababu haraka ya siku za mwanzo huua. Mgonjwa akipatwa na kifua kikuu akapewa rifampisini, methadoni huisha mwilini upesi na arosto hurudi. Mhudumu asiyejua kwamba mteja wake ameanza dawa za kifua kikuu atadhani anadanganya ili aongezewe. Mteja naye, asiposadikiwa, hurudi maskani. Hapo ubora wa tiba huwa ni kliniki mbili kusemezana.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba naloksoni, dawa irejeshayo pumzi ya aliyezidiwa na unga, iweze kutumiwa hata na jamaa na marafiki, kwa kuwa wao ndio huwapo pumzi inapokatika. Pendekezo hilo lilirudi pale pale historia hii ilipoanzia, katika chumba cha nyumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi ampelekaye mwanawe soba leo huuliza ada ni kiasi gani na lango hufungwa saa ngapi. Apaswa kuuliza pia ni nani akeshaye usiku, mgonjwa akizidiwa hupelekwa wapi, naloksoni imewekwa kabati gani, na ni nani atakayebisha hodi nyumbani juma la kwanza baada ya kijana kurudi.