Wingu Linaloliwa

Asubuhi nyingi za masika hapa Mpuguso, ukungu huficha migomba na mashamba ya chai mpaka jua lipande. Sehemu kubwa ya unyevu wake hutoka bondeni, Ziwa Nyasa, mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo wa kusini-mashariki huupandisha miteremkoni kuelekea kilele cha Rungwe, chenye mita 2,960 hivi. Hewa ikipoa, mvuke hugeuka matone. Wingu hilo tunalijua. Lakini ziwa hilohilo hutoa wingu jingine, lisilo la maji.

Mwaka 1861 David Livingstone alikuwa akielekea kaskazini kwa mashua, akifuata ufuko wa magharibi. Ng'ambo akaona kitu kama moshi wa nyasi zinazoungua maili nyingi. Yeye na wenzake wakadhani nchi kavu ya upande wa pili inawakaribia, na kwamba ziwa linaishia hapo. Kesho yake wakapita katikati ya wingu kama lile. Haukuwa moshi wala ukungu. Walikuwa visubi, mamilioni kwa mamilioni.

Wanasayansi huwaita Chaoborus edulis. Wangali lava, mchana hujificha kilindini, na usiku hupanda juu kuwinda viumbe wadogo wa majini. Wakikomaa hutoka majini kwa pamoja na kupaa ili wapandane, makundi yao yakisimama juu ya maji kama nguzo za moshi. Hawaumi mtu. Huishi muda mfupi tu, hutaga, hufa.

Livingstone aliandika jina alilolisikia kwa wenyeji, kungo, na maana yake: wingu au ukungu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Wenyeji waliliita wingu huku wakijua fika kwamba ni wadudu: usiku waliwakusanya, wakawachemsha, wakatengeneza mikate mizito ya kitoweo. Livingstone naye alikaribishwa mkate mmoja, unene wa inchi moja, akafananisha ladha yake na nzige waliotiwa chumvi.

Safari yake ilikatika kabla ya kufika mwisho wa ziwa, huku kwetu. Ni E. D. Young aliyelizunguka mwaka 1875 kwa meli ndogo ya mvuke, Ilala.

Shuleni tulikariri kwamba Livingstone aliliona ziwa hili mwaka 1859. Hatukuambiwa kwamba wingu lililomchanganya, wenyeji walikuwa wakilipika.