Chukudu ya Kivu: Ushahidi wa Ubao na Chuma

Mgeni aonapo chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani kitumikacho Kivu ya Kaskazini, hudhani ni urithi wa kale uliotangulia motokaa. Chombo chenyewe chatoa ushahidi tofauti.

Katika karakana ndogo, fundi huchonga gurudumu kwa panga na tezo, bila mashine ya kukereza. Ugumu uko katika kitovu: tundu likienda upande, gurudumu huyumba na mzigo huanguka. Ndani ya tundu hupachikwa beringi ya chuma iliyong'olewa katika gari bovu, na ukingo huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Usahihi ambao panga haliwezi kuutoa, fundi huuazima kiwandani.

Kwa hiyo chukudu ya namna hii haikuweza kuwapo kabla ya magari kuzeeka na kutupwa. Kuenea kwake huwekwa katika miaka ya 1970. Ni mwana wa motokaa, wala si babu yake.

Katika nchi ya milima kama Masisi, ilimo Muheto, viazi, maharage na makaa hayana thamani kamili mpaka yafike sokoni. Chukudu hubeba mamia ya kilo bila tone la petroli. Mwaka 2009 sanamu ya msukuma chukudu ilisimamishwa mjini Goma. Heshima hiyo yamstahili pia fundi aliyetafuta kitovu kwa jicho na mkono.