Nzige Wekundu wa Bonde la Rukwa

Mamba iko katika nchi ya Wapimbwe, upande wa kaskazini wa Bonde la Rukwa, mkoani Katavi. Kandokando ya bonde hilo zimetanda mbuga za majani marefu, ambazo hufurika wakati wa masika na kukauka kiangazi. Wakulima wa huko hupanda mahindi na muhogo kama wenzao wa kwingine, lakini wana jirani ambaye wakulima wengi hawajapata kumwona: nzige mwekundu. Kwa nchi nyingine yeye ni mgeni apitaye. Rukwa ni kwao.

Kati ya miaka ya 1930 na 1944 makundi yake yalienea karibu Afrika yote ya kusini ya Ikweta. Watu walipambana naye kwa walichokuwa nacho. Tunutu, wasio na mabawa bado, walisukumwa handakini wakafukiwa, au walitegewa pumba zenye sumu. Wakubwa walifukuzwa kwa kelele za madebe. Lakini debe haliui nzige, humhamishia kwa jirani tu. Serikali ikahimiza kilimo cha muhogo, kwa kuwa nzige hula majani na mzizi hubaki ardhini. Hilo lilikuwa shauri jema, ingawa halikupunguza nzige hata mmoja.

Ufumbuzi ulitokana na maarifa ya namna nyingine. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu aliyefanya kazi London, alikuwa ameeleza kwamba nzige wa makundi na panzi mpweke wa majanini waweza kuwa mdudu yule yule: wakisongamana, hubadilika rangi, umbo na tabia. Basi swali likawa husongamana wapi. Wachunguzi walipofuata nyayo za baa lile walifika kwenye mbuga chache tu, Rukwa na Mweru wa Ntipa zikiwa miongoni mwake, ambako maji hupanda na kushuka bila kawaida. Mwaka 1949 likaundwa shirika la mataifa la kuwazuia nzige wekundu, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Watu wake hawakungoja shambani. Waliingia mbugani na kuwaua nzige kabla hawajaruka. Tangu 1944 hapajatokea tena baa la ukubwa ule.

Lakini silaha yao ilikuwa sumu, na mbuga hizo si tupu. Zina viboko, ndege na samaki, na sehemu yake imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi tangu 1974. Tena wako watu walao nzige, nao hawawezi kumtambua aliyenyunyiziwa dawa.

Mwaka 2009 nzige walipoongezeka tena, mbuga za Iku na Katavi, za Rukwa na za Malagarasi zilinyunyiziwa kuvu, Metarhizium, zaidi ya hekta 10,000 kwa jumla. Chembe za kuvu hushika ngozi ya nzige, huota na kupenya mwilini. Ndege amlaye hadhuriki. Kasoro yake ni uvivu: nzige hufa baada ya wiki moja hadi tatu, na siku hizo zote huweza kula. Kwa hiyo kuvu haimfai mkulima wa Mamba aliyekwisha kuvamiwa. Humfaa iwapo mtu ametembea majanini mapema akawahesabu nzige, mwaka hata mwaka, hata ile miaka ambayo hakuna azungumzaye habari zao.