Wakili wa Moshi na Ardhi ya Wameru



Wengi wetu tukitajiwa wakili, hufikiri ni mtu wa maneno tu, ambaye ulimi wake humfuata mwenye fedha. Wa namna hiyo wapo. Lakini kabla hujawapima wote kwa kibaba kimoja, sikiliza habari za Earle Seaton, aliyekuwa wakili mjini Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro.

Seaton hakuzaliwa Afrika. Alizaliwa Bermuda mwaka 1924, akasoma Chuo Kikuu cha Howard huko Marekani, kisha akasomea sheria London. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuja Tanganyika, akafungua uwakili wake Moshi. Angeweza kutosheka na mashauri ya madeni na mikataba, akala riziki yake kwa amani.

Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kati ya mlima Meru na Kilimanjaro. Nyumba zao zikachomwa moto, ili wazungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Wameru walichanga fedha, wakamwendea wakili wao Moshi.

Na hapa, msomaji, ndipo ilipoonekana faida ya elimu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya nchi chini ya mamlaka ya gavana, na aliyewahamisha watu ni serikali hiyo hiyo ya gavana. Wahenga walikwisha kutuonya: kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Lakini Tanganyika haikuwa milki ya Mwingereza. Ilikuwa amana mikononi mwake, chini ya Umoja wa Mataifa. Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja huo kiliruhusu malalamiko ya watu wa nchi kama hizo yapokewe na kusikilizwa. Mlango huo ndio aliougonga Seaton.

Mwaka 1952 yeye na Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru, walisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Je, walishinda? La. Baraza lilisikitikia jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuwarudishia ardhi. Na katika Mkutano Mkuu, azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura. Hata hivyo dunia ilikwisha kusikia, na Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu aliyoyaona. Miaka mitatu baadaye, Mwalimu Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile.

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya shauri hilo. Seaton alikuwa jaji nchini Tanzania, kisha Bermuda, na pia Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki mwaka 1992.

Basi, mzazi mwenye mtoto anayesomea sheria, usimwambie tu kwamba kazi hiyo ina fedha. Mwambie kuwa ipo siku atakuja mtu aliyefungiwa kila mlango, na yeye ndiye atakayetakiwa kujua uliosalia.