Kiatu cha bei si ripoti ya uchumi

1/ Kila mjadala utasikia: "Ati maisha ni magumu, mbona vijana wanavaa viatu vya bei?" Turudi nyuma kidogo.

2/ Miaka ya 1930 dunia ilidorora, bei ya mazao ikaanguka. Lakini 1934 Marekani ilipandisha dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi. Huku Migori kulikuwa na dhahabu.

3/ 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria. Homa Bay, mbuta ikakosa soko hilo.

4/ Kwa hivyo saa mpya ya mchimbaji wa Nyatike haikuambii mvuvi wa Mbita amekula nini. Na hicho kiatu? Pengine ni mtumba.

5/ Wa kuulizwa kuhusu saa yake ni yule tunayemlipa kwa ushuru.